Mguu wa Mwisho wa Karakana

Mguu wa kushoto ulibanwa kwenye jiliwa, kisigino juu, na fundi aliusugua kwa msasa huku akizungumza nao. Karakana ilikuwa tupu. Mashine zilishachukuliwa, viti pia, na mlangoni palibandikwa karatasi ya kusema pamefungwa. Kilichobaki ni meza moja, fundi, na mguu huo wa bandia, wa mwisho kati ya mia nne aliyoitengeneza ugenini.

Mwenye karakana alikuwa muungwana. Siku aliyofilisika alilia mbele ya mafundi wake, kisha akafanya kama sheria ilivyomtaka: aliiandikia idara ya uhamiaji kwamba hamdhamini tena fundi huyu wa kigeni. Na viza ya ufundi haisimami bila mdhamini. Ikifutwa, fundi ana siku saba za kuondoka, yeye, mkewe na binti yao.

Binti ndiye aliyemkosesha raha. Ilibaki miezi miwili amalize mtihani wa mwisho wa sekondari, mtihani usiofanyika kwingine. Akiondolewa kabla, miaka minne inakwenda na maji.

Fundi alizunguka hospitali zote kutafuta mdhamini mpya. Ya kwanza walimpa chai. Ya pili walimpa ahadi. Ya tatu walimwambia aje mwakani. Alirudi nyumbani miguu imemvimba, yeye ambaye kazi yake ni miguu.

Kila Jumanne alitakiwa kuripoti uhamiaji. Karani wa dirishani alikuwa mcheshi, na alimwonea huruma.

"Faili lako limekamilika," alimwambia. "Imebaki sahihi tu viza ifutwe. Lakini mkubwa anayesaini yuko likizo ya ugonjwa."

"Hakuna anayekaimu?"

"Mengine yanakaimiwa. Kufuta viza, hapana. Anasaini mwenyewe, na hasaini mpaka amwone mtu kwa macho yake. Ndivyo alivyo."

"Anaumwa nini?"

"Ya mgonjwa muachie mgonjwa, bwana. Wewe nenda ukaombe."

Hakusema aombe nini. Nyumbani, binti aliomba kwa sauti kabla ya kula: Mungu amponye mkubwa yule, ila polepole.

"Usimwombee mtu ugonjwa," mama yake alimkemea. "Naye ana watoto wake."

"Sijasema asipone, mama. Nimesema asiharakishe."

Fundi alicheka, mara ya kwanza mwezi huo. "Dua la kuku hilo," alisema, lakini moyoni aliitikia amina, na akaona haya.

Mwenye mguu ule wa mwisho alikuwa mama mmoja wa makamo, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Plasta ya kipimo chake fundi aliipiga kabla karakana haijafungwa. Kila fundi ana mkono wake. Kipimo cha huyu hakimaliziki na yule. Kumwacha njiani kungekuwa kumrudisha mwanzo, miezi mitatu mingine ya magongo. Fundi hakuwahi kumwachia mtu mguu nusu, akaomba abaki na ufunguo mpaka aumalize.

"Nyumbani nimegeuka pambo, fundi," mama alimwambia siku ya kuujaribu. "Anayefagia akifika kwangu ananipangusa vumbi. Nataka kurudi kazini."

"Kazi ya kusimama, mama?"

"Ya kukaa. Ila kuifikia kuna ngazi kama za kwenda mbinguni."

Kwa kawaida mtu hufundishwa kutembea kwa wiki sita. Lakini fundi alishajua uchungu wa kuamka asubuhi bila pa kwenda, akaona mtu ambaye kazi inamngoja asicheleweshwe hata siku moja. Alimwita kila siku. Kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, kilipomchubua, alikikwangua papo hapo na kumvalisha tena. Walipanda ngazi za nyuma ya karakana, kumi na nne juu, kumi na nne chini, mama akinung'unika na fundi akihesabu. Wiki ya pili haijaisha, mama aliegemeza magongo ukutani akayasahau.

Siku ya kuagana alimshika fundi mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. "Mungu akufanyie kama ulivyonifanyia," alisema.

"Nenda kazini, mama."

Fundi alipofunga mlango wa karakana alijikuta akitabasamu. Angalau mmoja wao Jumatatu angeamkia kazini.

Jumanne alikwenda kuripoti. Mtihani wa binti ungeanza baada ya siku tisa. Karani hakumtania kama ilivyokuwa desturi yake.

"Mkubwa karudi jana," alisema, macho kwenye karatasi zake. "Niachie pasi yako, ukae pale. Utaitwa."

Fundi aliitoa pasi, akaenda kukaa. Alifikiria kutoka mbio, lakini akimbilie wapi, na pasi iko dirishani? Alitafuta maneno ya kwenda kumwambia binti, hakupata hata moja. Mtu aliyewasimamisha watu mia nne alishindwa kujisimamisha mwenyewe kwenye benchi la ofisi.

Mlango wa ofisi ya mkubwa ulifunguka. Zilisikika hatua zikija ukumbini, za mtu asiyechechemea hata kidogo, na fundi alizijua kabla hajainua uso. Mama alikuja akasimama mbele ya mabenchi, wima, macho kwenye faili alilolishika, akaita namba ya faili la fundi.