Bakuli la Baba

Tangu wazazi wake waachane, Raya, mtoto wa miaka sita, humpelekea baba yake bakuli la chakula. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo baba hana budi kuja.

Leo kalileta na ndizi. Kasimama mlangoni, viatu hakuvua.

“Heee, karudi huyo?” jirani akachungulia.

“Karudisha bakuli, shoga,” mama akajibu, hata hasira hana tena. “Raya, mwambie baba yako ahsante. Basi, yaishe.”

Raya alikuwa keshafika jikoni na bakuli. Alizimwaga ndizi, akaosha bakuli, akafunua sufuria moja moja. Hakuna kilichopikwa.

“Baba, usiende! Nisubiri!”

Akafungua gunia, akaanza kuchota mchele mbichi kwa viganja.