Kisanduku cha Bati

Bwana Humaid alitega sikio kwenye kisanduku cha kwanza, akakunja uso. Kilinguruma kama nyuki waliofungiwa mtungini.

"Hicho ni cha ng'ambo," alisema Idarusi, fundi wa redio wa Ngamiani. "Hiki cha pili nimekiunda mwenyewe kwa vyuma vya redio ya jeshi. Bei yake nusu."

Cha pili kilikuwa kopo la biskuti lenye taa nne ndogo za kioo ndani yake.

"Rahisi huvunja upishi, fundi."

"Upishi huvunjwa na mpishi, bwana. Nani ataimba?"

Humaid aliligeuza kopo mikononi. Mashine ya kunasa sauti alikwisha kuinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Ilikuwa nzima, ila sauti iliyoingia kwenye maikrofoni ilitoka nyonge kama ya mgonjwa. Ilihitaji kukuzwa kwanza na kisanduku cha aina hii, kabla ya kufika kwenye utepe.

"Mke wangu," alisema hatimaye.

"Basi aje nimsikie."

"Haji. Na wewe huendi."

Idarusi alicheka. "Unanunua kiatu, na mguu umeuficha!"

Miaka sita nyuma kinyozi mmoja alimsifia Humaid sauti ya mkewe mbele ya wateja. Alikuwa ameisikia dirishani, akipita. Jioni ile ile Humaid alimwita shemeji yake Harub, kaka wa mkewe Ghanima, awe shahidi, akaapa kwamba sauti ya Ghanima isivuke tena kizingiti cha nyumba yake. Kiapo hicho alikifunga kwa neno ambalo mume akilitoa halirudi mdomoni.

Ghanima alinyamaza. Aliomba arudi kwao Pangani, akanyimwa. Hakuomba tena. Wala hakuimba tena, hata jikoni, hata kwa kuguna. Humaid hakuwa amekisia kwamba kimya kile kingemtesa yeye. Alikula ndani ya kimya na kulala ndani ya kimya, na kiburi kikamzuia kusema.

Kisha mwezi uliopita Ghanima alimwambia, "Bwana, inunue ile mashine. Nitakuimbia chumba cha ndani, madirisha yamefungwa. Utanisikiliza utakapo."

Humaid nusura alie. Tangu siku hiyo alihesabu kwamba amesamehewa.

"Ila kisanduku ukichague vizuri," aliongeza Ghanima. "Nataka kile ambacho ukinisikia kwacho, hutaweza kusema si mimi."

Fundi ndiye aliyepata njia. Humaid avichukue visanduku vyote viwili nyumbani kwa siku moja. Mkewe auimbe wimbo mmoja mara mbili, kila kisanduku mara yake. Kisha utepe uletwe dukani, wausikilize pamoja na kuamua.

Ghanima aliimba alasiri, amefunga macho. Humaid alikaa mkekani kama mwanafunzi wa chuoni, machozi yakimdondokea ndevuni. Alipomaliza, hakumtazama mumewe. Aliuvingirisha utepe, akaufunga ndani ya leso.

"Kesho utaubeba mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

"Vyema. Sipendi ushikwe na mkono mwingine." Alilikaza fundo. "Na fundi umwambie ni mimi, asije akadhani ni santuri."

Humaid aliipenda haya ile. Asubuhi saa tatu alitoka na leso mkononi, visanduku amevitia kikapuni.

Dukani alimkuta Harub amekaa juu ya kiti cha wateja, kikombe cha kahawa mkononi. Redio yake, alisema, ilikuwa inakoroma.

"Kaa, shemeji," Harub alisema. "Mimi sina haraka."

Idarusi alifunga mlango wa duka na kuwasha mashine yake ya kuchezea utepe. Kisanduku cha ng'ambo kilikuja kwanza. Ngurumo zilimeza maneno, na nyuma yake mwanamke fulani aliimba kama aliye ndani ya pipa.

"Huyo aweza kuwa mke wa mtu yeyote," alisema fundi.

Kisha kikaja cha bati. Ngurumo zilitoweka. Ikasikika pumzi, ikasikika mate yakimezwa, halafu sauti yenyewe ikajaa dukani:

*Mlango wauzuia, na ufunguo ni wako;*
*siku ukiufungua, nitoke kwa nyayo zako.*

Harub aliweka kikombe chini.

"Subhanallah," alisema Idarusi. "Ni yeye?"

"Ni yeye!" Humaid alisimama. Kwa miaka sita alikuwa hajajisikia tajiri kama vile. "Wallahi, hiyo ndiyo sauti ya Ghanima, si nyingine. Shemeji, wewe umekua naye. Sema!"

"Ni yake," Harub alijibu. "Nashuhudia. Na fundi amekusikia ukiapa."

Alitoka pale pale, akaisahau redio yake. Humaid alibaki kubishana bei, akapunguziwa kidogo, akaondoka na kopo kwapani akicheka peke yake. Kitu rahisi, na upishi haukuvunjika.

Alimkuta Ghanima sebuleni. Alikuwa amevaa buibui, ameketi juu ya sanduku lake la nguo. Harub alisimama nyuma yake.

"Fundi amechagua kipi?" aliuliza Ghanima.

"Cha bati! Kila pumzi yako ilisikika. Nimewaapia kuwa ni wewe."

"Nimeambiwa." Aliinuka, na Harub akalibeba sanduku begani. "Basi utepe baki nao, Humaid. Uliapa mbele ya kaka kwamba siku sauti yangu ikivuka kizingiti hiki, nimeachika talaka tatu. Na leo saa tatu umeivusha kwa mkono wako."