Unywele Ndani ya Bakuli

Unywele mmoja ulikuwa umelala juu ya laka mbichi, rangi ya utomvu ing'aayo, ndani ya bakuli alilosubiri mteja. Tokuji, fundi aliyelipaka, aliutambua papo hapo. Brashi yake ilitengenezwa kwa nywele za marehemu mkewe, nazo sasa zilikuwa zimekaribia kuisha.

Katika karakana yake hakikuwahi kutoka chombo chenye dosari. Alichukua unyoya wenye ncha nyembamba ili autoe unywele huo.

"We mzee, bado tu?" dalali aliyemuuzia vyombo alifoka mlangoni, theluji ya pwani ya Noto ikimjaa mabegani. "Huyo mteja atazeeka akupite!"

Unyoya ulisita juu ya laka, kisha Tokuji akauweka chini.

"Mwambie hili lina mwenyewe," alisema, akalifungia bakuli kabatini likauke, unywele ukiwa bado ndani yake.