Uzi Mbele ya Maikrofoni

Bi Sikudhani alikuwa akiandika vijitabu vya maelekezo ya cherehani tangu kabla hajaolewa, na kila palipokuwa pagumu alichora mshale. Siku hizi wanunuzi hawataki kijitabu, wanataka podikasti, wasikilize kwenye simu huku wanashona. Basi kampuni ikamketisha kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, cherehani mezani, maikrofoni imevishwa soksi.

"Dada, hii ndiyo mara ya mwisho," alisema Mbaruku, fundi wa sauti, kutoka upande wa pili wa kioo. "Ikishindikana, bosi anaipa kompyuta isome, na wewe kazi ndiyo basi."

Sikudhani akavuta uzi. "Shika uzi. Upitishe hapa, uteremshe hivi, halafu..."

"Hapa wapi, dada yangu? Unamwonyesha nani, mimi?"

"Hapa kwenye kijidude hiki, Mbaruku! Si unakiona?"

"Mimi nakiona. Aliye nyumbani kwake je?"

Akaanza upya. Akasema kulia, akajiuliza kulia kwa nani. Akasema nyuma ya kichuma, lakini vichuma ni vingi. Maneno yakamwishia. Vidole havikungoja: vilipitisha uzi penye kila tundu, akalowesha ncha kwa mate, ukaingia sindanoni mara moja, kimya kimya.

Mbaruku alitazama skrini. Mstari wa sauti ulikuwa umelala.

"Sema kitu, dada," akamsihi.

Sikudhani akaushika uzi kwa vidole viwili, akauinua, akausogeza karibu kabisa na maikrofoni.