Breki Zilishika

Breki zilishika. Hapo ndipo Gurmail alipojua kwamba baiskeli aliyoipanda si yake.

Alikuwa ametoka langoni mwa kiwanda cha masweta, hata dakika mbili hazijaisha, ng'ombe akakatiza mbele yake kwenye ukungu. Gurmail alibana breki kwa mazoea tu, huku mguu wa kulia ukijiandaa kukandamiza tairi la mbele kwa soli ya kandambili, maana hivyo ndivyo alivyosimama mwaka mzima. Baiskeli ikasimama yenyewe, kimya.

"Ya Bachan hii," akasema kwa sauti. Ng'ombe akamtazama.

Kosa lenyewe halikuwa geni pale kiwandani. Sikukuu ya Diwali ya mwaka uliopita, tajiri aliwagawia wafanyakazi waliotimiza miaka kumi kazini baiskeli nyeusi, zote pacha, na ufunguo wa moja hufungua kufuli ya nyingine. Majira ya baridi kila mtu hufunika tandiko kwa mfuko wa plastiki lisilowe umande. Basi jioni, ukungu umetanda, unavuta iliyo karibu na mkono. Gurmail alikuwa ameandikisha jina lake kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha mnyororo ili yasimpate hayo, lakini leo hakuinama kulitazama. Leo alikuwa na haraka.

Mama yake alikuwa katika siku zake za mwisho. Daktari alisema apewe chochote roho yake itakachotaka, na asubuhi ile, baada ya siku nne za kukataa hata chai, mama alifumbua macho akataka jalebi, vile vitamu vya kukaangwa na kuchovywa kwenye shira. Si za pale mtaani. Alitaka za duka la karibu na mnara wa saa, alizokuwa akiletewa na marehemu mumewe alipokuwa bibi harusi.

"Ziwe za moto," alisema. "Usichelewe, mwanangu. Nakusubiri wewe na jalebi zangu, halafu niende."

Gurmail aligeuka kulitazama lango. Kurudi ni dakika mbili. Bachan alikuwa bado ndani, msimamizi amemshikilia kwa maneno. Angemsubiri, wakabadilishana, wakacheka, kila mtu akashika njia yake. Lakini foleni ya jalebi jioni huwa ndefu. Na tuseme ukweli: breki zile zilikuwa tamu.

Bachan mwenyewe hakuchoka kumsimanga. Juzi tu walikuwa wakirudi nyumbani sambamba, mkono wa mmoja begani mwa mwenzake, kama kawaida yao.

"We Gurmail, breki zako ni kandambili! Siku ikikatika utashika nini kwenye mteremko wa daraja, na malori yote yale?"

"Nitakushika wewe."

"Mimi? Nitakukwepa, ndugu yangu. Mimi nina mke."

Anazijua breki zangu, Gurmail alijiambia. Atashuka darajani akiikokota. Akakata kushoto, njia ya sokoni, akaenda zake.

Tangu mama augue hakuwa amefurahia kitu, na safari ile aliifurahia hadi akaona haya. Alijipenyeza kati ya mikokoteni ya machungwa, akakimbia, akasimama, akakimbia tena. Mara nyingine alisimama bila sababu yoyote, kwa raha tu ya kusimama.

Dukani alikuta watu kumi na watano mbele yake, na mafuta ndiyo kwanza yanapata moto.

"Fanya haraka kaka, ni za mgonjwa."

"Kila anayesimama hapo ana mgonjwa," mpishi akamjibu bila kuinua macho. "Subiri."

Alisubiri karibu saa nzima. Kwa kukosa la kufanya aliuvua mfuko wa plastiki, akaona kitambaa cha tandiko ambacho Simro, mke wa Bachan, alikifuma kwa mabaki ya uzi wa kijani wa kiwandani. Mtaa mzima ulimcheka Bachan kwa kukalia sweta. Gurmail alikipangusa kwa mkono, roho ikimsuta kidogo. Kesho atamwekea rafiki yake jalebi mbili.

Alizipokea zikiwa za moto, akazitia ndani ya koti, kifuani, akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote.

Mlangoni kwake viatu vilikuwa vimejaa.

Akasikia kilio cha wanawake, akajua amechelewa. Alisimama barabarani akalia kama mtoto, jalebi zikimchoma kifua, bado za moto, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kisha akajifuta uso, akaingia uani akiikokota baiskeli.

Wanawake walikuwa wameketi chini, shali nyeupe vichwani. Katikati yao, mama yake, ambaye siku nne hakuinua hata kichwa, alikuwa ameketi wima akijipiga kifua.

"Mwili wameupeleka hospitali, mimi lori limeniachia baiskeli!" alikuwa akilia. "Baiskeli ya nini mimi? Limenichukulia Gurmail wangu!"

Ukutani iliegemezwa baiskeli nyeusi. Gurudumu la mbele lilikuwa limejikunja, na kwenye kifuniko cha mnyororo jina lake jeupe lilisomeka vizuri.

Aliyemwona kwanza ni Simro, aliyekuwa amemkumbatia mke wa Gurmail akimbembeleza. Aliinuka, mikono mdomoni, macho yakamjaa furaha. Kisha yakashuka hadi kwenye tandiko la kijani.

"Shemeji," akauliza, "Bachan umemwacha wapi?"