Ree ya Turufu

Kwenye baraza ile, aliyefungwa karata huinuka akampisha mwingine, awe mkubwa awe mdogo.

Zilikuwa zimebaki karata mbilimbili. Vuai alishusha saba ya kopa, karata nono, huku mguu wake mmoja umeshaingia kwenye ndara. Tangu mazishi ya mama yao, yeye na kaka yake Makame hawakusemezana ila hapa mkekani, na kwa maneno ya karata tu.

Makame aliitazama ree ya turufu, karata isiyoshindwa na yoyote, mkononi mwake. Akiishusha sasa, mdogo wake kafungwa, anaondoka. Akitupa ile karata ndogo, watatoka sare, na sare haimwinui mtu.

“Cheza basi, watu wanangoja nafasi,” alisema Vuai.

Makame akatupa ndogo. Watazamaji wakaguna.

Ikabaki karata moja mkononi, hakuna pa kuificha. Ree ikatua mkekani, wakatoka sare.

Vuai akaikazia macho. “Kumbe ulikuwa nayo, kaka?”

Makame alikuwa akizikusanya karata ili azichanganye upya.

Taratibu, Vuai akautoa mguu kwenye ndara, akaukunja mkekani.