Chupa Mbili za Unga Mweupe

Mkokoteni wenye godoro la mzee Sekiboko, mtunza maabara aliyestaafu, ulikuwa umeshavuka lango la shule, mwalimu mpya wa kemia alipomkimbilia na chupa mbili mikononi.

“Shikamoo, babu. Nilizipanga upya chupa za maabara kwa ukubwa, zipendeze. Hizi mbili, moja ni kabonati, nyingine salfeti, sijui ipi ni ipi. Na watahiniwa wanaingia maabara saa tatu!”

“Marahaba. Jana mmeniaga kwa soda, leo mnanikimbiza.”

Lebo zililiwa na mende zamani. Yeye alizijua chupa kwa mahali zilipokaa rafuni, basi.

Alikamua ndimu yake ya safari juu ya vifuniko viwili vyenye unga. Kimoja kikatoa povu.

“Hiyo kabonati. Kaboni moja na oksijeni tatu, hazitembei mbalimbali, ndiyo maana zikapewa jina moja. Iliyonyamaza ni salfeti. Andika.”

“Na zile nyingine kumi na moja, babu?”

Mzee aliliangalia godoro lake, akamwambia mwenye mkokoteni atangulie.

Mtihani ulichelewa, ukaanza saa nne. Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata. Mzee alifika kwa binti yake, alikokuwa akihamia, siku moja baada ya mtihani, akalala siku mbili. Chupa moja iliwashinda wote wawili. Ipo rafuni mpaka leo, haina jina.